Kitanzi cha Herufi ß

Wiebke Osterloh alichora herufi za mwandiko kwa kiwanda cha chapa huko Offenbach. Zote zilimtii, isipokuwa ß, herufi ya Kijerumani yenye sauti ya s. Kila alipoichora ilisomeka kama B, mpaka akawa hali wala halali. Siku ya kukabidhi kazi alimwonyesha bosi wake kadi ya harusi aliyoiandika kwa herufi hizo, yenye jina la bibi harusi: Weiß.

"Weib?" Bwana Gundlach alicheka. "Bibi harusi wa watu umemwita jike!"

"Nimeshindwa, Bwana Gundlach. Sina mkono tena."

"Kiache wazi kitanzi cha chini."

"Kitaharibika!"

"Lakini itasomeka."

Wiebke akafuta mwisho wa kitanzi alichokipenda kuliko mistari yote, kikabaki wazi. Gundlach akasoma bila kusita: "Weiß."

Wiebke akainamia meza, akalia kwa kwikwi.