Halwa ya Ami Sleyum Chini ya Kiyoyozi

Mwezi wa tano wa mwaka elfu mbili na tatu, katika idara moja ya serikali pale Ruwi, Uarabuni, jua lilikuwa likikaanga magari nje na watu wakitetemeka ndani. Shariffa alipiga kompyuta kavaa glavu alizozikata ncha za vidole. Wengine walijitanda shali juu ya abaya. Na kila aliyekaa karibu na dirisha alilifungua, ili joto la barabarani liingie limpashe moto, huku viyoyozi vikinguruma.

Rimoti ya viyoyozi vyote ilikaa mfukoni mwa dishdasha ya ami Sleyum, mkuu wa kupokea wageni. Nyuzi kumi na sita. Haipandi.

Mahbuba ndiye aliyekuwa msimamizi wa mazingira, kazi mpya ambayo wenziwe hawakujua hata ni ya nini. Walimwona akizima taa za vyooni tu, na kukusanya vikombe vya plastiki akinung'unika. Alibandika vibandiko ukutani: "Zima Usipotumia." Ami Sleyum akakibandua kimoja, akakibandika kwenye simu ya Mahbuba mwenyewe.

"Ami, ishirini na nne tu, nakuomba."

"Weye mwanangu umezaliwa AC imeshafungwa ukutani. Mie nlipokuja hapa kutoka Unguja tukilala darini, shuka tumezirowesha maji, na kabla usingizi haujaja zishakauka. Leo Mungu katupa baridi, weye wataka kumrudishia?"

Mudiri Khattab, mkubwa wa idara, hakuwa na maneno mengi kwa Mahbuba. "Jumatano inakuja kamati ya mazingira. Wakiwakuta watu na mashali na madirisha wazi, kazi yako naifuta. Utarudi kupokea simu."

Kupokea simu! Mahbuba alishaifanya kazi ile mpaka akazijua sauti za wake wa wakubwa wote, na mafua yao. Hakutaka kuirudia.

Akakaa, akatazama, akaona mkono usioweza kuukata, ubusu.

"Ami Sleyum," alisema, "wageni wa Jumatano si wa kupewa biskuti. Halwa kama ya kaka yako wa Qurayyat, nani mwengine anayo?"

Ami Sleyum akavimba. "Hakuna! Ntaileta asubuhi ile ile, ya moto."

"Na gari ikiharibika njiani? Si bora ije Jumanne, ilale hapa hapa?"

"Una akili, bibie."

Jumanne Mahbuba akalipokea bakuli mwenyewe. Akalifunika kwa adabu, akaliweka juu ya meza ya majlisi, chumba cha wageni, chini kabisa ya mdomo wa kiyoyozi. Akaenda zake nyumbani Al Amerat, akalala vizuri.

Jumatano wageni wakaja, mkubwa wao mzee Mutasim, aliyekulia Unguja naye. Kahawa ikamiminwa. Ami Sleyum akafunua bakuli kama anayemfunua bibi harusi. Samli imeganda juu, nyeupe. Mzee Mutasim akatia vidole vitatu, halwa ikakataa. Akavuta, bakuli zima likamfuata.

"Sleyum, yakhe, hii halwa au soli ya kiatu?"

"Kaka yake siku hizi anapika matairi," akadakia mgeni mwengine.

Watu wakacheka. Ami Sleyum hakucheka. Kwa watu wale mtu husamehewa mengi, lakini si halwa mbovu mbele ya wageni. Akamgeukia Mahbuba, aliyekuwa akipanga finjani, macho chini.

"Halwa haina kosa, ami," alisema taratibu. "Ni baridi."

Mkono wa ami Sleyum ukaingia mfukoni.

"Astaghfirullah! Nani kachezea rimoti hii? Sisi hapa ni ishirini na nne, siku zote! Si ndiyo, Mahbuba?"

"Siku zote, ami."

"Huyu ndiye msimamizi wetu. Mkali huyu, hanipi raha!"

Akabonyeza, akabonyeza, kisha akalisogeza bakuli dirishani penye jua. Wageni wakasubiri. Hakuna aliyetikisa finjani yake, maana kuitikisa ni kusema basi, nimetosheka, na nani atatosheka hajaonja halwa? Kahawa ikamiminwa, ikamiminwa tena. Huko nje ya majlisi madirisha yakafungwa moja moja, shali zikavuliwa, Shariffa akazitia glavu zake mkobani.

Halwa ilipolegea, mzee Mutasim alikula mpaka akalamba vidole. "Khattab," alisema, "binti huyu msimwachie." Mudiri akakohoa, na habari ya simu ikafia pale pale.

Ami Sleyum alikuwa keshasema mbele ya wageni, na neno likishatoka halirudi. Baada ya wiki akawa anahubiri kila ghorofa kwamba ishirini na nne ni fikra yake.

Mwezi wa saba, gari ya Mahbuba iliharibika AC yake katika milima ya Al Amerat. Akafika kazini amerowa jasho, uso unachuruzika.

"Ami, leo tu. Ishirini na mbili."

Ami Sleyum akaupapasa mfuko wake, akatabasamu.

"Na halwa je, bibie?"