Klachi Iliyosingiziwa

Pikipiki ya shemeji ilikuwa imeshafika juu ya kilima. Ya Fundi ilikuwa bado chini, imelala ubavu kwenye mawe, ikitoa mvuke kama birika lililosahauliwa jikoni. Fundi mwenyewe alikuwa ameketi kando yake, helmeti mapajani, akihema. Goti lake la kulia, lililokwisha kwa miaka ya kubandika vigae katika mabafu ya watu, lilikuwa limevimba hata suruali ikambana.

Mashindano yenyewe ya pikipiki hayakuwa na barabara. Yalikuwa mawe, makorongo, na vilima ambavyo hata mbuzi angevipanda kwa kulalamika. Mabingwa walilipwa kuteseka huko. Hawa mafundi wa vigae na vinyozi walijilipia wenyewe, nao walikwenda wawili wawili. Mtazamaji haruhusiwi kugusa pikipiki ya mtu, ila washindani wanaruhusiwa kusaidiana. Basi kila mmoja alijifunga kiunoni mkanda imara wa kuvutia pikipiki. Penye ugumu, mmoja alivuta gurudumu la mbele, mwenzake akasukuma. Wakishaipandisha ya kwanza, wanashuka kuifuata ya pili. Kila mwaka Fundi na shemeji yake walikuja, na kila mwaka muda uliisha, lango la mwisho likafungwa wao wakiwa bado korongoni. Safari hii daktari alikuwa amemwambia Fundi kwamba goti lile halina mwaka mwingine.

“Rudi umemaliza,” mkewe alimwambia mlangoni. “Nimechoka kusikia habari za lango.”

Shemeji, mdogo wa mkewe, kinyozi mwenye mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi, alikuwa akiteremka sasa kwa makalio, mkanda begani.

“Haya shem, inuka. Foleni ndefu, wateja wananuna.”

“Ngoja nipumue.”

“Utapumulia kwa dada. Nimelichungulia lango kutoka juu, liko wazi! Mwaka huu tunaingia, nakwambia.”

Uso wake ulikuwa tope tupu, na ndani ya tope hilo meno yakicheka. Fundi alimtazama, na uchovu ukamshukia mzima mzima. Ghafla aliona kwamba aliyekuwa akiwafungia lango miaka yote ile ni yeye, na goti lake, na ubishi wake wa kizee. Akaishika klachi, akaiminya, akatikisa kichwa.

“Imeungua.”

“Acha utani.”

“Imelegea kabisa, haishiki. Nenda wewe.”

Klachi ilikuwa nzima. Shemeji alinyoosha mkono aijaribu mwenyewe, Fundi akaifunika kwa kiganja.

“Unapoteza muda, bwana. Nenda!”

Shemeji akatazama juu, akatazama chini. Kisha akakwea mbio kama mtu aliyefukuzwa.

Fundi alisikiliza mlio wa pikipiki ukififia nyuma ya kilima. Alijiona mtu mwema, na chini ya wema huo akakuta kitu kingine kilichomtia aibu: nafuu. Hakujua kipi kilitangulia, kumpenda shemeji yake au kuchoka. Baadaye aliiinua pikipiki yake, akaiwasha, akafuata mkondo mkavu wa kijito mpaka barabarani. Iliunguruma vizuri njia nzima.

Alimkuta shemeji ameegemea pikapu yao, glavu zimechanika. Nyuma yake lango lilikuwa limezibwa kwa utepe.

“Umeingia?”

 Shemeji aliitazama pikipiki iliyokuja kwa nguvu zake yenyewe. Akaisogelea, akaiminya klachi kwa vidole viwili, akaiachia. Ikarudi kwa nguvu.

“Kabla ya lango kuna jiwe,” alisema taratibu. “Linanifika kifuani. Nimelipanda na kuporomoka mpaka mikono ikakataa. Wenzangu walikuwa wanapita, huyu anavuta, yule anasukuma. Niliomba, shem. Kila mtu alikuwa na mwenzake. Wamefunga lango nikiwa karibu hata naona viatu vya msimamizi.”

“Nilitaka japo wewe uingie.”

“Nilikwambia nataka kuingia peke yangu?”

 Fundi akainama, akalipapasa goti lililovimba.

Pikipiki zile hupakiwa na watu wawili. Shemeji aliegemeza ubao kwenye pikapu, akaanza kuisukuma ya kwake. Ilipanda nusu, ikarudi. Akaisukuma tena, mishipa ya shingo imemtoka. Fundi akaja mbio akichechemea, mikono mbele.

“Acha,” shemeji alisema bila kugeuka. “Leo nimezoea.”

Fundi akasimama palepale, mikono hewani, akiangalia gurudumu likiteleza kwenye ubao.