Mtoto Hajambo

Chumba cha ushauri nasaha kilifunguliwa asubuhi ya siku ya wageni. Madawati mabovu yaliyolala humo muhula mzima yalihamishiwa nyuma ya jiko, ukuta ukapakwa rangi, na juu ya rangi mbichi mtu akachora nyuso tano zinazocheka.

Mama, fundi cherehani, alikaa ukingoni mwa kiti. Binti yake wa miaka tisa alisimama ubavuni. Miezi minne hakuwa ametamka neno, tangu mbao zilizooza za choo cha shule zilipokatika na mdogo wake akatumbukia, mkono wake ukimponyoka dada. Daktari wa akili wa watoto alifika shuleni mara moja kwa mwaka, na siku yenyewe ndiyo hii. Kumwona kulihitaji fomu yenye sahihi ya mshauri nasaha.

Mshauri nasaha alikuwa mwalimu wa nidhamu. Alihudhuria semina siku mbili, akarudi na cheti na mkoba. Fimbo hakuiacha.

"Mama, hapa pana 'Chanzo cha tatizo'. Tuandike nini?"

"Kilichotokea, mwalimu. Choo."

"Choo." Alilitamka kama mtu aliyekuta unywele kwenye sahani. "La choo lilikwisha, mama. Kamati ilikaa. Hata sanda tulinunua sisi."

"Basi andika amefiwa na mdogo wake."

"Wataniuliza kafaje. Wageni hawa wana maswali kama watoto wa chekechea." Alicheka peke yake. "Au anadeka tu? Wapo wa kununa, nawajua."

"Hanuni, mwalimu. Juzi kaungua na pasi, hakutoa hata sauti."

Mwalimu aligeuza kiti, akamkabili mtoto. Akagonga meza kwa fimbo, pigo moja, lile lile ambalo kila asubuhi huliinua darasa zima wima.

"Hujambo?"

Mtoto akanyooka, mikono ubavuni.

"Sijambo, mwalimu."

Mama alishika meza. Sauti ile alishaanza kuisahau. Ilikuwa nyembamba, ina mkwaruzo kidogo mwishoni, ni yenyewe. Alitaka kufurahi. Kisha akaona kalamu inakimbia.

"Unaandika nini, mwalimu?"

"Alichosema. Fomu inataka kauli ya mtoto mwenyewe." Akamgeuzia karatasi. *Hali ya mtoto: hajambo. Chanzo cha tatizo: hakuna.*

"Lakini hiyo ni salamu tu, mwalimu. Hata anayekata roho huambiwa hujambo, akasema sijambo."

"Mama, umesema hasemi. Kasema. Sasa unataka nimwite mwongo?"

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu aliingia na daktari, mpiga picha nyuma yao.

"Huyu alikuwa bubu, daktari," mwalimu wa nidhamu aliwahi. "Tumekaa naye kwa zile mbinu za semina. Leo kasema."

"Daktari, naomba nikueleze—" mama alianza, akiinuka.

"Furaha hiyo," mwalimu mkuu alisema, akamwekea mkono begani, akamkalisha.

"Hongereni sana," daktari alisema. Alitazama saa yake, akaweka sahihi chini ya *hajambo*.

"Jamani, sikuwa tayari," mpiga picha alisema. "Hebu arudie."

Fimbo iligusa meza, safari hii kistaarabu.

"Hujambo?"

"Sijambo, mwalimu," mtoto alisema, na mkojo ukamchirizika mguuni hadi kwenye soksi.

Mpiga picha alishusha kamera, akatazama chini, akaiinua tena.

"Haina neno," alisema. "Nachukua kiunoni kwenda juu."