Kilo Sita za Mzee Nikodemu

Siku ya thelathini na nane tangu wamzike mwanawe Evod, Mzee Nikodemu alikuwa bado hajamwambia mtu habari ya zile kilo sita.

Evod alikuwa mpangaji wa mizigo kwenye ndege za kampuni iliyopeleka chakula na dawa Sudan Kusini, katika viwanja vya udongo ambako barabara zimekatwa na maji au na vita. Kila kilichoingia ndegeni alikipima, hata rubani na begi lake. Akija likizo kijijini kwao Mbingu alikuja na tabia hiyo. Wanunuzi wa mpunga walipofika na magunia ya lumbesa, yale yanayojazwa mpaka yanaota kichwa, yeye alitundika mizani kwenye boriti ya kibanda.

"Kilo kaamka," walimtania kwa jina walilompa. "Leo biashara hakuna."

"Ipo. Chukueni mnacholipia tu."

Likizo ya mwisho aliomba mchele kilo ishirini, awapelekee vijana wanaoshusha mizigo kule kiwanjani. Nikodemu alimpimia mbele yake. Evod alipokwenda kuoga, mzee aliongeza kilo sita, akaushona mfuko kwa uzi wa bluu. Aliona si vizuri mwanawe aondoke na ishirini kamili, kama mtu aliyetoka dukani. Evod aliubeba begani hadi barabarani.

Wiki mbili baadaye ndege aliyokuwamo Evod ilianguka ilipokuwa ikiruka kutoka kwenye kiwanja kimoja cha huko. Jeneza lililetwa limefungwa. Msibani, jirani mmoja alisema amesikia kwamba huenda ndege ilizidiwa uzito. Alisema kwa kupita tu, kisha akaomba chai.

Tangu siku hiyo Nikodemu hakula wali. Dada yake Yosefina, aliyebaki nyumbani baada ya matanga, aliliona hilo.

"Kaka, wali umekukosea nini?"

"Sina njaa."

"Huna njaa ya wali. Jana ugali umelamba mpaka sahani."

Siku hiyo ya thelathini na nane mchana, bodaboda kutoka Ifakara ilimshusha kijana mwenye begi la Evod mgongoni na mfuko mikononi. Nikodemu aliutambua mfuko kwa ule uzi wa bluu.

"Shikamoo mzee. Naitwa Bryson. Nilikuwa kazini na Evod."

"Marahaba, baba. Karibu. Huo mfuko umeutoa wapi?"

"Stoo kwetu. Safari ile walihitaji kuongeza mafuta, uzito ukabana. Evod akashusha vitu vyake kwanza. Begi, na huu mchele."

"Kwa hiyo haukupanda ndege."

"Haukupanda, mzee."

Nikodemu alikaa kwenye kigoda. Akauliza, "Sasa ilianguka kwa nini?"

"Bado wanachunguza. Mimi sijui. Ila karatasi ya uzito niliiona, ilikuwa ndani ya kipimo. Saini yake ipo."

Kwenye shingo ya mfuko ilining'inia kadi. Nikodemu hakuwa na miwani, akampa dada yake. Yosefina alisoma mwandiko wa Evod: "Mchele wa Mzee. Kasema 20. Mizani 26."

"Kaka! Ulimdanganya mtoto?"

"Nilimwongezea."

"Alijua," Bryson alisema. "Kila likizo ni hivyo hivyo. Alikuwa anatuita kwenye mizani tuje tuone. Anasema, baba yangu na mizani hawaelewani."

"Alikuwa ananicheka?"

Bryson alitikisa kichwa. "Alikuwa anajisifu, mzee."

Nikodemu aliinuka, akaenda kibandani na mfuko wake. Mizani ya Evod ilikuwa bado kwenye boriti. Akautundika, akasubiri mshale utulie. Ishirini na sita. Akaushusha, akakata uzi, na ile kadi akaitia mfuko wa shati.

"Huu ni wa arobaini, keshokutwa," alimwambia Yosefina. "Lakini chota wa leo kwanza. Mgeni hajala."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Wali ulipoiva, Yosefina alimpakulia Bryson sahani nzuri, imejaa. Nikodemu aliitazama, akaivuta kwake, akaongeza upawa mmoja juu, kisha akamrudishia mgeni.