Haragwe la Safari ya Mombasa

Habari hii alinipa Bibi Chausiku mwenyewe, mwaka ule tuliohamishiwa kijijini hapa Mazingara na nyumba yake ikawa jirani na yangu. Tulikuwa tumekaa barazani kwangu tunachambua maharage. Akaokota haragwe moja jeupe, akalitazama weee, akacheka peke yake. Nikamuuliza, "Bibi, unacheka nini?" Akasema, "Namcheka huyu jambazi." Ndipo akanieleza, nami naandika kama nilivyosikia.

Enzi hizo nchi ilikuwa ya Mwingereza, mwaka wa pili tangu Malkia avishwe taji. Chausiku alikuwa akikaa Korogwe. Mumewe, Mhina, alikuwa dereva wa Manubhai, Mhindi mwenye duka la nguo karibu na stesheni. Wake walikuwa wawili, ua mmoja, nyumba mbili zinazotazamana. Chausiku ndiye mkubwa. Yeye alimpata Mhina akiwa utingo wa lori, ananuka mafuta, shati lake moja. Mwaija, mke mdogo, Msambaa wa Vugiri, alimkuta Mhina keshashika usukani, ana kofia na viatu. Hilo lilimkera Chausiku kila asubuhi akimwona mwenzake anavipiga rangi vile viatu mlangoni, tena anaimba.

"Mimi nilipaka mafuta miguu iliyopasuka," alikuwa akisema moyoni. "Huyu anapaka rangi viatu."

Basi siku moja Mhina akarudi na neno. Tajiri amenunua gari dogo, jipya, viti vya ngozi. Shemeji yake Manubhai anaolewa Mombasa, na wao watakwenda kwa barabara ya pwani, kupitia Tanga. Ila Bharti, mkewe Manubhai, hataki kukaa siku nzima mwanamke pekee kati ya wanaume wawili. Kwa hiyo Manubhai amesema, "Mhina, lete bibi yako akae nyuma na Bharti. Bibi moja tu. Hii motokaa, si treni."

Mwaija alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama hewani. Chausiku akauona ulivyosimama, akajua vita vimekuja.

Mhina, mtu wa kuogopa kelele, akasema, "Mimi sichagui. Tutapiga kura kwa Mwalimu Mdoe wa msikitini, siku moja kabla ya kuondoka."

Chausiku hakungoja kura. Kesho yake akaenda dukani, ati kununua uzi. Akamkuta Manubhai na mkewe wameinamia karatasi. Manubhai kachora mstari kutoka Korogwe hadi Mombasa, mmoja, umenyooka kama rula. Kwenda siku moja, kurudi siku ya pili baada ya harusi.

"Bwana Manubhai," Chausiku akasema, "unakwenda harusini au unapeleka barua?"

Bharti akacheka. "Mwambie, mama, mwambie! Mimi miaka tisa Korogwe, bahari naona kwenye kalenda."

Hapo Chausiku akasogea. Alizaliwa Kabuku, lakini alilelewa na shangazi yake Moa, kule mwisho wa pwani yetu, na barabara ile aliijua kwa miguu. Akaweka kidole kwenye karatasi. Usiku wa kwanza, Tanga, mkanunue samaki asubuhi wangali wanaruka. Usiku wa pili, Moa.

"Moa iko nini?" Manubhai akauliza.

"Moa kuna maji yanayoingia mpaka kati ya mikoko, ukiamka unasikia kaa wanatembea. Na kuna duka la Akber, Mhindi mwenzako. Mtalala kwake."

"Akber Khoja. Mimi Banyani."

"Mikeka yake haina dini, bwana."

Bharti akapiga meza kwa kicheko. Chausiku akaendelea. Mpaka wenyewe usiwatishe, ni nguzo na askari mmoja anayetafuta mtu wa kuzungumza naye. Usiku wa tatu, Gazi. Gazi minazi imesimama miguu ndani ya mchanga, na maji yakitoka, bahari inakwenda mbali hata unadhani imehama. Halafu Likoni, gari lipande pantoni, mvuke maji mmekaa vitini kama masultani. Mombasa siku mbili, harusi ishibe.

"Siku tano!" Manubhai akashika kichwa.

"Tano," Bharti akasema, na kalamu akaichukua yeye.

Sasa sikiliza alichokuwa akifanya. Mwalimu Mdoe alikwisha wafundisha: mke akisafiri na mume kwa kura, siku za safari hazilipwi. Aliyebaki hana zamu ya kudai wakirudi. Kila usiku ambao Chausiku aliuongeza pale mezani ulikuwa usiku anaomnyang'anya Mwaija. Alirudi nyumbani anatembea kama aliyekwisha fika. Tena akanunua doti ya kanga mpya, akaificha chini ya godoro.

Maana kura nayo alikwisha ifikiria. Desturi ya Mwalimu Mdoe ilikuwa maharage mawili katika mfuko wa kitambaa. Jeupe la mke mkubwa, jekundu la mke mdogo, kila mtu aje na lake. Mwalimu macho yalikuwa yamepungua nguvu, anapapasa. Basi Chausiku akatafuta haragwe jeupe kubwa kuliko yote, akaliloweka usiku kucha katika kikombe. Asubuhi lilikuwa limevimba kama kidole gumba. Mkono wa mzee ukiingia mle, ungekutana na nani kwanza?

Wakaenda. Mhina mbele, wake nyuma, hawasemezani. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, wanangu." Mwaija akatumbukiza lake, kavu, dogo, la kwao milimani. Chausiku akatumbukiza la kwake upesi, ngumi imefungwa.

Mwalimu Mdoe akautikisa mfuko, akaupima mkononi.

"Mgosi Mhina," akasema, "tuelewane kabla sijaingiza mkono. Mfuko huu ndio motokaa. Nitakayemtoa, ameshuka. Atakayebaki ndani, ndiye msafiri."

Chausiku angesema nini? Kwamba hapana, mwalimu, langu ndilo litakalotoka?

Mkono ukaingia, haukukawia hata kidogo. Haragwe jeupe likatoka linang'aa. Mwalimu akalibinya kwa vidole viwili, ganda likateleza, likabaki mkononi mwake.

"Ah! Mama Sadala," akasema, akimwita kwa jina la mwanawe, "haragwe lako limetoka jasho. Lilikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Mhina akakohoa, akatazama mbuzi wa watu. Chausiku akasema kwa sauti ndogo, "Jua kali, mwalimu."

Tangu pale hadi jioni hakula. Alimwona Mwaija akifua, akianika, akikunja. Kila nguo iliyopita kwenye kamba ilipita kifuani kwake. Tanga yake. Moa yake, na shangazi atamkaribisha mwingine! Yeye ndiye aliyeipamba safari nzima, kituo kwa kituo, kama anayempamba bibi harusi, na bibi harusi akawa yule.

Jua lilipozama Mwaija akavuka ua, akapiga magoti mlangoni.

"Dada, wewe ndiye unayeijua njia. Nieleze. Mimi maji mengi niliyowahi kuyaona ni Mto Pangani, na nilifumba macho darajani."

Chausiku akaona mlango umefunguka. Akasema polepole, "Njia haina neno. Ila Likoni."

"Likoni kuna nini?"

"Pantoni. Ni ubao tu unaoelea, na gari juu yake. Maji meusi. Watu wa milimani kama nyinyi hupatwa na kizunguzungu, wengine hujitupa wenyewe. Mwaka jana alitumbukia mwanamke, hata kanga haikuonekana."

Mwaija akashika kifua. Chausiku akangoja. Neno alilolingoja lilikuwa fupi tu: basi nenda wewe.

Mwaija akasema, "Ahsante, dada, umenionya. Nitamwambia Bwana Manubhai aendeshe pale. Baba Sadala atakaa nyuma nami, nimshike mkono, nijifunike uso begani kwake mpaka ng'ambo."

Chausiku aliona jambo hilo kama linatendeka mbele yake: bega la Mhina, uso wa Mwaija, na Mombasa yote inatazama.

"Wee! Begani?" akaruka. "Usithubutu! Nimekutania tu. Hakuna aliyetumbukia. Pantoni imetulia kuliko kitanda hiki. Mwache Baba Sadala aendeshe, wewe kaa dirishani, tena fungua macho yote mawili! Utaona meli zimesimama kama majumba, na mji mweupe unakuja wenyewe. Na Gazi maji yakitoka, vua viatu, ukanyage mchanga, una mistari kama ulimi wa ng'ombe. Begani, begani! Utaona nini begani?"

Mwaija akamtazama, macho yamejaa. "Kumbe unanipenda, dada."

"Nenda kalale," Chausiku akasema. "Alfajiri gari halikungoji." Halafu, hata yeye hakujua kwa nini, akainua godoro. "Chukua na hii kanga. Shangazi yangu wa Moa asije akasema nyumba yetu haina nguo."

Mwaija akavuka ua, taa yake ikazimika. Usiku ule ulikuwa zamu ya Chausiku, na Mhina alikwisha jilaza, maana ana safari.

"Baba Sadala."

"Mm."

"Usiku wa Gazi uondoeni. Hakuna kitu pale."

"Si wewe uliyeuweka?" Mhina akajibu, na mara akaanza kukoroma.

Chausiku akalala chali akihesabu kwa vidole. Tanga, wamefika. Moa, wamelala kwa Akber. Wamempita askari wa nguzo. Gazi. Akawaacha wote garini, akashuka peke yake, akavua viatu. Na kabla maji hayajarudi, usingizi ukamchukua.