Ehe ya Dirishani

Ulikuwa pale, usijifanye. Ulikaa kwenye benchi la ile kliniki ya Ruiru, ukainamia simu yako, Fatu alipofika dirishani na mtoto wake Nadira mgongoni.

Fatu ni mzaliwa wa Siu, kule visiwa vya Lamu. Alimfuata mumewe Abdulnasir, aliyepata kazi ya kuchonga mawe Juja, wakapanga chumba Mwihoko. Kiswahili ndicho alichonyonya kwa mamake, hana kingine. Akamwambia Jackie, nesi wa dirishani, kwamba mwana hutetema, mato hupanda yuu, kisa hulegea.

Jackie hakuelewa. Lakini huku kwetu mtu asipoelewa hasemi; anaitikia. "Ehe. Ehe," kichwa kikienda juu na chini, akaandika homa, akamwonyesha mkia wa foleni. Na pale pale dirishani pamebandikwa tangazo kwamba mtoto wa degedege, anayetetemeka macho yakipanda juu, hangoji foleni.

Benchi likacheka. Muthoka, aliyekuja na kidole kimefungwa kitambaa, akauliza huyu ameletwa kutoka nchi gani, akaiga sauti yake inavyopanda na kushuka. Aliyecheka zaidi ni Ndila, muuza sukuma wiki. Ndila huyo huyo, alipotoka Mwingi, soko zima la Thika lilimwiga Kiswahili chake cha Kikamba mpaka akawa anauza kwa kuonyesha vidole. Yeye amesahau. Sisi hatujasahau.

Fatu akaenda mkia wa foleni. Akaona afadhali angoje kuliko kufungua mdomo tena. Kisha akahisi mtoto akitikisika mgongoni.

Akarudi dirishani, akarudia maneno yale yale. Jackie akamwambia, "Mama, leta mtu wa kukutafsiria."

"Akitoe Kiswahili akipeleke wapi?" Fatu akamuuliza.

Hakuna aliyecheka. Ndila akainuka, uso umemshuka, akasogea. "Sema tena, mami. Polepole. Nakusikiza."

Fatu akasema huku akimfungua mtoto mgongoni. Ndila akaona macho ya mtoto yamepanda juu, hakungoja amalize. Akagonga dirisha kwa kiganja: huyu ana degedege, afunguliwe mlango.

Ndani, daktari Kyengo, kijana wa maneno ya mbio na Sheng nyingi, akauliza jambo huku akivuta dawa kwenye sindano. Fatu hakushika hata neno. Aliogopa atarudishwa benchi. Kichwa chake nacho kikaanza kwenda juu na chini, ehe iko tayari ulimini.

Akaizuia. "Sikufahamu. Nambia tena."

Kyengo akaweka sindano chini, akauliza upya, bila haraka: mtoto amepewa dawa yoyote leo? Amepewa. Asubuhi jirani alimhurumia Fatu, akamgawia vidonge vya kifafa vya mwanawe, akasaga, Nadira akanyweshwa. Daktari akaiangalia ile sindano, ambayo juu ya vidonge vile ingeweza kumzima mtoto pumzi, akaisukuma kando, akaita oksijeni kwanza.

Fatu angeitikia tu, tungekuwa tunazungumza habari nyingine.

Nadira bado amelala wodini, anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mamake amekaa karibu na kitanda. Sasa hivi kuna mama mwingine pale dirishani, anaitikiwa ehe. Weka simu chini. Inuka, nenda ukamwambie: sema tena, nakusikiza.