Kichwa Ndani ya Friji

Kazi ile nilipewa Jumamosi kwa simu, na msimamizi wangu aliinadi kwa sauti ya mtu anayekuuzia samaki wa jana. "Nurelis, ni nyumba nzuri, mgonjwa mtulivu, saa moja asubuhi mpaka kumi na mbili jioni. Kitu kimoja tu, msikilize binti yake." Nikamuuliza wauguzi walionitangulia walikuwa wangapi. Wawili, akasema. Kwa muda gani? "Wiki tatu," akajibu, kisha akakumbuka ana simu nyingine ya kupokea.

Nilikuwa nimefanya kazi wodini miaka tisa, na hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kwenda kuuguza nyumbani kwa mtu. Wodini ukifungua dirisha, limefunguka, basi. Nyumbani kwa mtu dirisha lina mwenyewe. Hilo nililijua Jumatatu, kabla hata sijatua begi langu.

Ilikuwa Agosti, na mjini kwetu Barranquilla mwezi wa Agosti hata mbwa hawabweki, wanatunza nguvu. Marlides, yule binti, alinifungulia mlango. Ni mwanamke wa miaka arobaini na kitu, karani wa shule, macho yake ya mtu aliyesahau kulala. Akanipitisha sebuleni, akanipitisha jikoni, tukafika chumba cha nyuma kabisa. Alipofungua, joto likanipiga usoni. Dirisha limefungwa na nyufa zake zimezibwa matambara. Feni ipo, ila imegeuzwa ukutani na kufunikwa taulo. Na kitandani, chini ya mablanketi mawili, alilala mama yake, Bi Eduvigis, miaka sabini na mmoja, kavaa sweta, soksi nene na kofia ya sufu. Jasho limemlowesha mto mzima.

"Sista, nakuomba sana," Marlides akasema. "Hapa hakuna feni, hakuna dirisha, hakuna maji baridi, hata ya kunawa. Upepo ndio uliomfanya hivi."

"Upepo gani?"

"Wa friji. Alikuwa anapiga pasi, mwili una moto, akaenda kufungua friji. Papo hapo mdomo ukapinda, mkono ukafa. Hao madaktari watakwambia ni presha. Kwani wao walilelewa wapi?"

Nisijifanye mwerevu hapa. Mimi nimezaliwa mitaa kumi kutoka pale. Mama yangu siku ya pasi aliweka kiti mbele ya friji asije akajisahau, na alikuwa radhi alale na kiu. Nami, pamoja na cheti changu ukutani, jana yake tu nilipomaliza kupiga pasi sare yangu nilimwita mume wangu anichukulie juisi kwenye friji, kwa sababu mimi nina moto. Najua kiharusi ni mshipa wa kichwani unaoziba. Nimekisoma, nimekifanyia mtihani, nimefaulu. Ila kuna mambo mtu anayanyonya kwa mama yake na hayatoki kwa mtihani.

Marlides alipokwenda kazini, mgonjwa alifumbua macho. Mdomo wake ulikuwa umevutwa upande wa kushoto, na maneno yalitoka polepole, yamelowa mate, lakini yalitoka.

"Wewe... wa tatu," akasema. "Wa kwanza... alikuwa analala. Wa pili... alifungua dirisha. Akafukuzwa... kabla ya chakula cha mchana."

"Na mimi?"

Akanikagua kutoka juu mpaka chini. "Wewe mnene. Utazimia."

Nikacheka mpaka nikajishika kiuno. Nilimpenda pale pale, sifichi.

Karatasi za daktari nilizikuta chini ya sanamu ya Bikira Maria, zimekunjwa vizuri, hazijaguswa. Akalishwe kitini kila siku. Apate hewa. Vidole vinyooshwe mara nne kwa siku kuanzia wiki ya kwanza. Sasa ilikuwa wiki ya nane. Nikaushika mkono wake wa kulia. Mkono ule ndio uliokaanga arepa za yai, mikate ya unga wa mahindi, kwenye baraza ya mbele kwa miaka thelathini. Ndio uliopasua arepa ingali moto, ukaingiza yai bichi bila kumwaga tone, ukaiziba na kuirudisha kwenye mafuta. Mtaa mzima ulikula kutoka kwenye mkono ule. Sasa vidole vilikuwa vimejifungia kiganjani, na nilipovuta kimoja alinung'unika kwa maumivu, lakini kilitii, kikafunguka kidogo.

Basi bado kulikuwa na nafasi. Ila nilijua pia kitakachofuata. Wiki chache zaidi za kulala vile na mkono ungekauka ulivyojikunja, na hapo hata aje bingwa wa mabingwa, haufunguki.

Marlides aliporudi mchana kula, nilimwambia hayo yote.

"Akipata nafuu ndipo atafanya mazoezi," akasema.

"Hapati nafuu bila mazoezi."

"Sista, umeletwa hapa kumlinda. Hukuletwa kumtesa."

Jumanne sikumuuliza mtu. Marlides alipofunga tu mlango wa mbele, nilimvua mama yule kofia, nikamvua sweta, nikamvua soksi. Chini ya matiti vipele vya joto vilikuwa vimetapakaa mpaka mgongoni. Nikamkanda kwa maji ya uvuguvugu, nikamkalisha ukingoni mwa kitanda, nikaanza na vidole, kimoja kimoja. Alinitukana kwa utaratibu mzuri.

"Mama yako... alikukosea. Alikuchemsha... badala ya kukukaanga."

"Nyoosha."

"Muuaji."

"Nyoosha, Bi Eduvigis. Matusi utayamalizia na kidole gumba."

Nilifungua dirisha upana wa kiganja. Upepo uliingia, akafumba macho, na uso wake ukalegea kabisa kwa raha. Hivyo ndivyo Marlides alivyotukuta.

Hakupiga kelele. Alitoa simu, akapigia kampuni, akaweka spika ili na mimi nisikie. Msimamizi wangu hakuuliza mgonjwa anaendeleaje. "Nurelis, familia ndiyo inayosaini. Nikipigiwa tena simu ya nyumba hiyo, usiende kesho yake."

"Sawa," nikasema.

Sawa! Marlides akafunga dirisha kwa mikono yake, akarudisha matambara, akamvisha mama yake kofia mpaka kwenye nyusi. Bi Eduvigis machozi yalimtoka na kuingia masikioni, nami nikasimama pale na sare yangu nyeupe kama pazia. Nilimkasirikia Marlides, nikamkasirikia msimamizi, na kuliko wote nilijikasirikia mimi na ile sawa yangu. Jioni mume wangu akaniambia heri nusu shari kuliko shari kamili. Nikamwambia anyamaze ale wali wake.

Jumatano nilimngojea Marlides. Nilijua anarudi saa sita na nusu, hivyo saa sita kamili nikaivuta meza ya pasi mpaka katikati ya jikoni, nikachomeka pasi, nikarundika shuka zote za nyumba ile. Nilipiga pasi kama niliyelaaniwa. Jasho lilitoka kichwani, likateremka shingoni, likanijaa mgongoni. Mlango ulipolia nilikuwa kwenye shuka ya sita.

"Nani kakwambia upige pasi?" Marlides akauliza. "Hiyo siyo kazi yako."

"Nishike shingo."

"Nini?"

"Nishike shingo, Marlides. Nina moto au sina?"

Akanigusa kwa ncha za vidole. "Una moto."

Nikazima pasi, nikaenda kwenye friji.

Akaelewa. Alikuwa ameshika simu, na nadhani alikuwa keshaitafuta namba ya kampuni, lakini aliisahau mkononi. "Sista, acha. Sista Nurelis, acha, una watoto!"

"Wawili," nikasema.

Sasa niseme ukweli wangu wote. Niliogopa. Kichwani nilimsikia mama yangu, Mungu amrehemu, akiniita kwa majina yangu yote matatu. Nilikumbuka kila mwanamke wa mtaani kwetu aliyepinda mdomo, na kila mmoja alikuwa na friji katika hadithi yake. Lakini maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikafungua mlango wa juu, wa barafu, nikaingiza kichwa kizima, shavu likagota kwenye trei, na nikaanza kuhesabu kwa sauti.

Nyuma yangu Marlides alikuwa anasali na kulia kwa pamoja. Kutoka chumba cha nyuma ikaja sauti nzito. "Nini? Kuna nini?"

"Mama, sista kaingia kwenye friji!"

Bi Eduvigis akapaza sauti. "Mwache... amalize!"

Nilimaliza. Mia moja kamili, na ile tisini nilikaa nayo sana. Nilipotoa kichwa, Marlides alinidaka kidevu kwa mikono miwili.

"Cheka. Nionyeshe meno. Inua mikono, yote miwili. Sema jina lako."

Nikacheka, nikainua, nikasema. Nilimwambia kwamba kipimo hichohicho ndicho tunachofundishwa chuoni, na yeye kanipima vizuri kuliko daktari wa zamu. Hakucheka. Alizunguka mara mbili akiniangalia mashavu, akangoja, akaniangalia tena. Kisha akateleza taratibu, mgongo ukutani, mpaka akakaa sakafuni.

"Blauzi ilikuwa yangu," akasema. "Siku ile nilikuwa nimechelewa. Nikamwambia, mama nipigie pasi haraka. Halafu, kabla hajamaliza, nikamwambia, mama, naomba maji ya barafu. Sikunyanyuka, sista. Nilikuwa najipaka kucha rangi."

Wiki nane alikuwa ameubeba mzigo huo, na kila tambara alilosokomeza dirishani alilisokomeza kwa sababu ya blauzi ile. Ningeweza kumkumbatia. Mimi siyo mtu wa kukumbatia nikiwa na hasira, na nilikuwa na hasira bado.

"Kabatini kwa mama yako kuna pakiti kumi na moja za dawa za presha," nikamwambia. "Nimezihesabu Jumatatu. Hata moja haijafunguliwa. Alipewa zahanati, akaja kuzifungia. Muulize."

"Mama!" akaita, sauti imepasuka. "Dawa za presha ulikuwa unameza?"

"Zilikuwa... zinanikojoza," Bi Eduvigis akajibu. "Na mimi... nina wateja."

"Umesikia," nikasema. "Blauzi yako haimo. Friji haimo. Ukitaka hatia, ipo ya wiki nane hizi, mkono ule ukikauka. Hiyo ndiyo yako, na leo bado unaweza kuikataa."

Akajifuta pua kwa kiwiko. "Mkono utarudi?"

"Sikuahidi. Ninachojua, mle ndani haurudi."

Akaiangalia simu yake mkononi, akaiweka juu ya shuka nilizozikunja. Hakwenda kazini tena siku ile.

Mitaani kwetu saa kumi na moja jioni kila nyumba hutoa viti barazani. Atakayekosekana ni mgonjwa, msafiri au marehemu. Nilimwambia Marlides tunamtoa mama yake nje, na akashtuka upya.

"Watu watauona mdomo."

"Watauona, ndiyo. Upo usoni."

Bi Eduvigis, ambaye alikuwa anasikia kila kitu, hakungoja tumalize kubishana. "Rangi ya mdomo," akaamuru. "Nyekundu." Marlides akaileta, akapiga magoti mbele ya mama yake, akampaka akifuata mdomo ulivyokwenda, ukienda kushoto naye anakwenda kushoto. Alijitahidi asilie, akashindwa. Tukambeba na kiti chake cha kubembea, mimi huku, yeye kule, tukapita jikoni, tukapita sebuleni, tukamtua barazani kwenye upepo wenyewe wa jioni, kichwa wazi.

Jirani wa ng'ambo, Bi Carmelina, alimwona wa kwanza. Akanyanyuka na kipepeo chake cha mkononi, akavuka barabara mbio mbio na makubazi yake.

"Eduvigis! Shoga yangu! Marlides katuambia uko Santa Marta kwa dada yako. Umerudi lini?"

Hilo nilikuwa silijui. Nikamgeukia Marlides, naye alikuwa anaangalia vigae vya sakafu, masikio yamemwiva. Kwenye baraza za jirani viti vikaacha kubembea. Wote waliuona mdomo, na wote walikuwa wanangoja waambiwe cha kusema.

Bi Eduvigis akauinua mkono wa kulia kutoka mapajani. Sikumsaidia. Ulipanda ukitetemeka, ukafika kifuani, na vidole vikafunguka nusu, mbele ya watu.

"Nilikuwa chumbani," akasema, neno moja moja, kwa sauti ya kufika mpaka kona ya mtaa. "Na sirudi."